Iache Injini Ilipo

Kaka yangu anaishi Houston, Texas, anaendesha malori ya masafa marefu. Jumapili mbili zilizopita alinitumia picha kwenye WhatsApp: injini imekalishwa juu ya paleti ya mbao, waya zinaning'inia kama matumbo ya kuku, na chini yake ameandika, "Mdogo wangu, mashine imefika." Nilijua ni nini hata kabla ya kuikuza picha. Ni injini ya lita 5.3 iliyochomolewa kwenye pikapu ya Chevrolet Silverado iliyopata ajali, na inakwenda kuwekwa kwenye Pontiac LeMans yake ya mwaka 1968, gari ambalo bado lina injini yake lenyewe, ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Nilimjibu vibaya. Nilimwandikia neno moja ambalo mama akilisikia atanipigia simu saa hiyo hiyo. Tangu siku hiyo kaka kimya, mimi kimya. Kwa hiyo haya ndiyo majibu yangu marefu, na nayaweka hapa kwenye blogu ya vitabu kwa sababu wasomaji wa hapa ni watu wanaojua kugombana juu ya mhariri aliyegusa asichopaswa kugusa. Usikimbie, msomaji. Sitakuchosha na nati na boliti zaidi ya inavyolazimu.

Tuanze na gari lenyewe. Wamarekani wana kundi la magari wanayoyaita magari ya misuli: bodi ya kawaida ya ukubwa wa kati, milango miwili, halafu ndani ya boneti injini kubwa kupita adabu. Wengi wanaanzia hesabu mwaka 1964, na hadithi yake ni tamu. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kanuni ya ndani kwamba magari yake ya ukubwa wa kati yasizidi injini ya inchi za ujazo 330. Pale Pontiac, mhandisi mkuu John DeLorean na wenzake wakaona injini yao ya 389, iliyokuwa ikiwekwa kwenye magari makubwa, inaingia bila shida kwenye Tempest. Wakafanya ujanja wa kikarani: kanuni ilihusu gari jipya, haikutaja vifaa vya ziada. Basi 389 ikaandikwa kama kifurushi cha ziada kwenye LeMans, kikaitwa GTO, jina walilolichukua kwa Ferrari bila haya. Mwaka wa kwanza viliuzwa zaidi ya vifurushi 32,000. Wakubwa waliotaka kukasirika wakaangalia mauzo, wakakaa kimya.

Gari la kaka si GTO. Ni LeMans ya kawaida, ndugu wa GTO aliyebaki nyumbani. Ina injini ya Pontiac ya inchi 350, kabureta ya matundu mawili, nguvu farasi 265 kwa vipimo vya zamani, na giaboksi ya otomatiki yenye gia mbili tu. Mbili. Nasisitiza hili mapema ili mtu asije akasema namtetea gari la matajiri. Hakuna mnada utakaolilia injini hii. Kama nina hoja, inabidi isimame bila kuegemea bei.

Sasa, hoja ya kaka. Aliniambia nilipomtembelea miaka miwili iliyopita, tumekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya gereji yake, joto la Houston linatukumbusha Dar ya mwezi Februari. "Hayo magari yenyewe yalizaliwa kwa kubadilishiwa injini," alisema. "Sasa nikibadilisha mimi ndiyo inakuwa dhambi?"

Ni hoja nzuri kweli, na kwa haki yake nitaiongezea nguvu. Don Yenko, muuza magari wa Canonsburg, Pennsylvania, mwaka 1967 alikuwa anachukua Chevrolet Camaro mpya, anatoa injini, anaweka ya inchi 427 ya ukoo wa Corvette, kwa sababu GM ilikataza zaidi ya 400 kwenye Camaro. Leo gari la Yenko linagombewa na wakusanyaji, na hao hao wanaohubiri uhalisi wanataka uthibitisho kwamba injini ya kupachikwa ndiyo ile ile ya kupachikwa. Cheka kidogo hapo. Halafu ipo ile ya Jim Wangers, mtu wa matangazo wa Pontiac. Machi 1964 jarida la Car and Driver lilichapisha makala maarufu iliyoilinganisha Pontiac GTO na Ferrari GTO, makala iliyolitangaza gari hilo kuliko tangazo lolote la kulipia. Miaka zaidi ya 30 baadaye Wangers akakiri kwenye kumbukumbu zake: gari walilopewa waandishi kulijaribu halikuwa na 389. Lilikuwa limewekewa 421. Yaani andiko la msingi la dini hii liliandikwa juu ya gari lililobadilishwa injini kwa siri. Mimi kama mwandishi wa habari ninaona aibu kwa niaba ya wenzangu, lakini ninaona pia kwamba kaka ana mashahidi wazuri.

Hata hivyo mashahidi wake hawasemi anachotaka waseme. 421 ya Wangers ilikuwa injini ya Pontiac kwenye gari la Pontiac. 427 ya Yenko ilikuwa Chevrolet ndani ya Chevrolet, mwaka ule ule, gari bado linanukia rangi. Walichokifanya kilikuwa sehemu ya kuandikwa kwa jambo lenyewe, kama mtunzi anayefuta beti usiku ule ule anaotunga. Anayekuja zaidi ya miaka 50 baadaye na kufuta ubeti ule hatungi tena. Hawezi kudai haki ya mtunzi kwa sababu tu mtunzi naye alikuwa anafuta.

Nije kwenye hiyo injini mpya, na hapa lazima niwe mkweli maana nikiitukana nitakuwa mwongo. Ukoo wake unaitwa LS. Ulianza na Corvette ya mwaka 1997, injini ya lita 5.7, bloku ya aluminiamu, nguvu farasi 345, kisha ukasambaa kwenye pikapu na magari ya familia kwa mamilioni. Ni ndogo kwa umbo, nyepesi kwa kazi inayoifanya, haina makuu: kamshafti moja katikati, valvu mbili kwa kila silinda, vitu ambavyo fundi yeyote wa zamani anavielewa. Inawaka alfajiri bila kubembelezwa. Inakula petroli kwa adabu. Ikifa unakwenda kwenye uwanja wa magari mabovu, unachukua nyingine. Ile ya kaka, ya lita 5.3, ilitangazwa na nguvu farasi 285 zilizopimwa kwa njia ya kisasa, injini ikiwa imebeba vifaa vyake vyote; 265 za Pontiac zilipimwa kwa njia ya zamani, injini ikiwa tupu kwenye meza ya maabara, kwa hiyo tofauti halisi barabarani ni kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Kwa kifupi, kwa kila kipimo unachoweza kukiandika kwenye karatasi, mashine ile iliyo juu ya paleti inaishinda iliyo ndani ya boneti.

Na ndiyo maana iko kila mahali. Nenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani Marekani, fungua boneti za magari yaliyofufuliwa: Camaro ina LS, Chevelle ina LS, Oldsmobile ina LS, Buick ina LS, Pontiac ina LS, na siku hizi hata Mustang, mtoto wa Ford, unamkuta na LS. Kabla yake ilikuwa hivyo hivyo kwa injini ndogo ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1955. Wamarekani wenyewe waliibatiza injini ya kitovu, kwa sababu kila mtu anacho.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. General Motors ya miaka ile ilikuwa kampuni moja lakini kila tawi lilikuwa na injini yake ya V8: Pontiac yake, Oldsmobile yake, Buick yake, Chevrolet yake. Zilifanana ukubwa hadi kuchanganya, kila tawi likiwa na 350 yake, na hazikuwa kitu kimoja. Mlio tofauti, tabia tofauti, hata rangi tofauti. Ya Pontiac ya kaka imepakwa buluu hafifu ambayo bado inaonekana chini ya masizi. Watu walinunua gari kwa sababu ya injini hiyo. Ushahidi upo mahakamani: mwaka 1977 wateja wa Oldsmobile waligundua magari yao mapya yana injini za Chevrolet. Ilianza kwa kitu kidogo kama spea isiyoingia. Wakashtaki, wanasheria wakuu wa majimbo wakaingia, na GM ikalazimika kulipa fidia. Injini walizopewa hazikuwa mbovu. Hasira yao ilikuwa kwamba walikuwa wamenunua Oldsmobile na hawakupewa Oldsmobile. Miaka michache baadaye injini zile za matawi zilianza kufa moja moja. V8 ya Pontiac iliisha mwaka 1981. Oldsmobile yenyewe ikafungwa 2004, Pontiac ikafuata 2010.

Kwa hiyo gari la kaka linapowaka linatoa mlio wa lahaja isiyo na kiwanda tena.

Lahaja, ndiyo. Wapenzi wa vitabu mlishanitangulia. Kwa Kimvita macho ni mato, nchi ni nti. Chukua shairi lolote la zamani la Mombasa, la zama za Muyaka bin Haji, lenye mato mwishoni mwa kipande, na umpe mhariri mwema anayetaka lisomeke na mwanafunzi wa Dodoma. Atageuza mato yawe macho. Mizani haijaguswa, silabi ni mbili kwa mbili. Maana ni ile ile. Msomaji mpya ameelewa haraka zaidi. Kila kipimo cha kwenye karatasi kimepanda. Isipokuwa vina vya -to vimekufa, na vikishakufa huna namna ya kujua kwa sikio kwamba vilikuwepo. Sina ugomvi na Kiswahili sanifu. Ndicho ninachoandikia, ndiyo LS yangu, inawaka kila asubuhi na inanipeleka popote. Ila nikikuta mtu anaimwaga ndani ya diwani ya Kimvita kwa sababu inasomeka vizuri zaidi nitapiga kelele, na nyie wote mtapiga kelele pamoja nami. Mbona kwenye gari tunakaa kimya?

Labda kwa sababu kwenye gari tunadhani ni suala la mashine, na mashine kazi yake ni kufanya kazi. Basi nikuambie lilivyo barabarani.

Usiku wa tatu wa safari yangu kaka alinipa ufunguo. Nikaambiwa nikanyage mafuta mara mbili kabla ya kugusa ufunguo, ili kabureta imwage kidogo na choki ijikamate. Injini ikakohoa, ikafa. Mara ya pili ikashika, ikatetemesha boneti nzima, halafu ikatulia kwenye mlio mzito wa chini ambao niliusikia kwanza kwenye mapaja, kupitia siti, kabla masikio hayajaamka. Harufu ya petroli mbichi ikaingia ndani. Tukatoka taratibu. Gia ya kwanza ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Unaenda, unaenda, unadhani imesahau, kisha inapokea ya pili kwa kishindo kidogo na pua ya gari inashuka. Breki ni za dramu pande zote. Kaka alikuwa anakanyaga breki ya kufikirika upande wa abiria safari nzima. Kwenye mataa inabidi uanze kusimama wakati wenzako bado wanaongeza mwendo.

Nilitoka mle nikiwa nimeloa jasho, na nikiwa nimeelewa kitu ambacho picha mia za magari yale hazikunionyesha: jinsi nguvu nyingi zilivyokabidhiwa watu wa kawaida zikiwa na uangalizi mdogo sana. Kijana wa miaka 19 mwaka 1968, mwenye mkopo wa dukani, alipewa hiki, au GTO yenye nguvu kuliko hiki, na breki hizi, na mikanda ambayo wengi hawakuifunga. Ndani ya miaka mitano mambo yalibadilika: bima zikapanda, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, mwaka 1973 mafuta yakawa adimu. Unaweza kuyasoma hayo kitabuni. Nyuma ya usukani wa gari ambalo halijarekebishwa unaelewa kwa mguu kwa nini bima zilipanda. Weka LS na giaboksi ya gia nne na gari litakuwa zuri, jepesi, linalosamehe. Litakuwa linasema uongo kuhusu mwaka 1968, kwa sauti ya kupendeza.

Kabla sijaonekana nimejiunga na upande wa pili, niwaambie na wao. Wapo waabudu wa namba. Sehemu ya namba ya gari iligongwa kwenye bloku ya injini, na zikilandana bei inapaa. Zisipolandana gari lile lile, kwa fundi yule yule, linakuwa yatima. Matokeo yake umezaliwa ufundi mzima wa kughushi: unasaga uso wa bloku nyingine, unagonga namba unazozitaka. Wataalamu siku hizi wanakagua mikwaruzo ya mashine ya kiwandani kwa kioo cha kukuza kama wachunguzi wa hati za wasia. Watu wanatambaa chini ya gari kutafuta karatasi ya kiwandani iliyosahaulika juu ya tangi la mafuta. Halafu gari likishathibitishwa linafungiwa, haliwashwi, na mwenyewe analisimulia kwa namba tu. Hawa si wenzangu. Mtu ambaye angeibomoa injini ya kaka bila kufumba jicho, kwa kuwa "ni LeMans tu", halindi uhalisi wowote. Analinda akiba yake ya uzeeni.

Ingawa hata soko, pamoja na ujinga wake, mara moja moja linaona. Ile Mustang ya filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, aliyoiendesha Steve McQueen, ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974 kwa dola 6,000. Mama wa nyumba aliiendesha kwenda kufundisha shule. McQueen aliomba kuinunua, wakamnyima. Haikupakwa rangi upya, haikunyooshwa. Vyuma vilivyochomelewa chini yake kwa ajili ya kamera vilibaki pale pale. Januari 2020 iliuzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada, ikiwa na kutu na makovu yake yote.

Najua kaka atasema nini akifika hapa. Aliisema usiku ule ule, na iliniuma. "Wewe na mimi tumekulia kwenye Land Rover yenye injini ya Isuzu. Leo ndiyo unanifundisha uhalisi?"

Ni kweli. Baba alikuwa na Land Rover 109, na injini yake ya Kiingereza ilipokufa, spea zikawa hazipatikani au zinapatikana kwa bei ya ng'ombe watatu, gereji moja ya Msamvu pale Morogoro iliipachika Isuzu ya dizeli. Ilitusomesha hiyo Isuzu. Ilibeba mahindi, wagonjwa, na jeneza la bibi. Kwenye ukuta wa gereji ile ile kulikuwa na bango la gari la Kimarekani lenye milango miwili, limefubaa hadi rangi imebaki ya chungwa tu, na kaka akiwa na miaka 10 alikuwa analisimamia mbele kama mtu yuko msikitini. LeMans ilitoka kwenye bango lile. Mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana nimekuwa mkali.

Lakini injini ya baba ilikuwa imekufa, kaka. Hiyo ndiyo tofauti yote. Fundi wa Msamvu hakumtoa mgonjwa aliye hai kitandani. Gari ambalo injini yake ilishapotea, lililokutwa porini na mti umeota kwenye boneti, liwekee chochote: LS, Isuzu, mota ya umeme, sitasema kitu na nitaomba nipande. Lako linawaka. Linatoa moshi wa buluu asubuhi kwa sababu mpira wa valvu umechoka, linavuja mafuta nyuma ya injini kama Pontiac nyingi za umri wake, na linachemka kwenye foleni. Haya ni maradhi yenye dawa. Radieta nzuri. Kuifumua injini na kuijenga upya, pamoja na viti vigumu vya valvu maana petroli yenye risasi iliyoizoea imeondoka barabarani siku nyingi. Kipande kidogo cha kielektroniki ndani ya distributa badala ya platini. Breki za diski mbele, tafadhali, leo kabla ya kesho. Una watoto wawili wanaokaa siti ya nyuma, na sitaki uhalisi wa kumfikisha mtu hospitali. Hayo yote yanafungwa na kufunguliwa bila kukata chuma. Na kama shida yako ni nguvu tu, V8 za Pontiac kutoka 326 hadi 455 zina umbo moja kwa nje. 455 inakaa kwenye mauntingi zile zile. Nitanung'unika, lakini nitanung'unika kwa Kipontiac.

Najua pia ulichoniambia kuhusu safari. Unataka upeleke familia Dallas kwenye sherehe za Watanzania bila kuomba dua kila kilima. Hilo ni ombi la haki na halina jibu la kejeli. Ninachokuuliza ni kama umepiga hesabu yote. Injini ya kwenye paleti ni rahisi. Kinachofuata si rahisi. Mauntingi mpya, sampu ya oili ya kulingana na chesisi, pampu ya mafuta ya presha, tangi au marekebisho ya tangi, wayaringi na kompyuta, giaboksi na daraja la kuishikilia, shafti ya kukatwa kwa kipimo, ekzosi kuanzia mwanzo. Wenye magari ya namna hii wakikaa pamoja wanasimuliana hiyo orodha kama wajane. Kwa fedha hiyo 350 yako inajengwa upya na chenji ya mafuta ya Dallas inabaki.

Na usiniambie kwamba injini ya zamani utaitunza kwenye kona ya gereji. Kila mtu anasema hivyo. Inakaa kona mwaka wa kwanza imefunikwa turubai. Mwaka wa pili kuna baiskeli juu yake. Halafu unahama nyumba, na mtu anakuja na pikapu na dola mia tatu, na namba zile zilizogongwa mwaka 1968 zinaondoka peke yake, gari linabaki peke yake, na hakuna atakayezikutanisha tena.

Jana usiku mke wake, shemeji yangu, amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema fundi anakuja Jumamosi na winchi ya kunyanyulia injini, na kaka amekuwa anakwenda gereji kila jioni baada ya kazi, anawasha LeMans, anakaa ndani nusu saa bila kwenda popote, anazima, anarudi kula. Nimemwomba shemeji amsomee haya. Amesema atasubiri ale kwanza.